Eti mwandishi lazima awe na folowaz ndo kitabu kiuzike?

ticha_wa_usiku:
Wakuu salaam. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Singida, nina riwaya nimeiandika miaka minne, usiku nikimaliza kusahihisha madaftari. Imeisha mwezi wa tatu, kurasa 212. Nikampelekea jamaa mmoja wa uchapishaji Dar, basi hata hakuuliza inahusu nini, swali la kwanza "mwalimu una folowaz wangapi?" Nikamwambia insta ninao 340, na nusu yao ni wanafunzi niliowafundisha. Akacheka, akasema nenda kajenge jina kwanza ndo urudi.

Sasa nimeanza kujenga hilo jina. Kila asubuhi naposti nukuu, jioni video ya TikTok, wife anashika simu mi nasoma aya, mbwa wa jirani anabweka, tunarudia. Ya juzi tumeirudia mara kumi na moja, ikatazamwa na watu 96. Bando linakwisha, na wiki ya sita hii sijaandika hata sentensi moja ya kitabu cha pili. Naomba mnishauri, hili jambo ni lazima kweli au nimepotezwa?

Mzee wa Vitabu:
Mwalimu pole. Mi nimeuza vitabu vya mtumba Kariakoo miaka mingi kwa hiyo nikuambie nilichokiona. Huyo jamaa swali lake halikuwa la kijinga ila kahesabu kitu sicho. Jina lilikuwa linahitajika tangu zamani. Marehemu Ben Mtobwa unamjua, yule wa riwaya za mpelelezi Joram Kiango, alikuwa mwandishi wa habari, na Heko ilikuwa kampuni yake mwenyewe, hakukaa kusubiri mtu amchapishe. Halafu zile hadithi za magazeti ya udaku, mtu ananunua gazeti anaruka kurasa zote anaenda kwenye hadithi, akifika pale kwenye "itaendelea toleo lijalo" anasonya, na wiki ijayo yupo tena kibandani na hela mkononi. Kikitoka kitabu alikuwa hahitaji kutangaziwa, alishazoea mkono wa mwandishi. Sasa nukuu ya asubuhi inamzoesha nani mkono wako? Nukuu haina "itaendelea".

MamaShani_writes:
Mzee umenena. Mwalimu ngoja nikupe hesabu zangu maana yamenikuta haya haya. Nilikuwa na peji ya fesibuku yenye watu 11,000, nikajiona staa kabisa, nikachukua hela ya kikoba nikachapa nakala 500. Siku ya kutangaza nikapata laiki 900 na zaidi, komenti hongera dada, hongera dada, moto moto, mpaka machozi yakanitoka. Miezi miwili baadaye nimeuza 41, maboksi yako chini ya kitanda mpaka mume wangu anauliza tutalala wapi. Anayekulaiki anakupongeza tu mwalimu, hajasema atanunua.

Nilichofanya baadae, nikaanza kutuma hadithi WhatsApp. Sura tano za mwanzo bure, ya sita unalipia buku kwa M-Pesa. Situmii grupu, grupu watu wanaanza kuuziana vitenge humo, natumia broadcast, unatuma mara moja kila mtu anapata kivyake. Ila ujue broadcast ina mambo mawili: orodha moja mwisho watu 256, na ujumbe haumfikii mtu ambaye hajasevu namba yako. Kwa hiyo mwisho wa sura ya kwanza naandika kabisa "sevu namba hii kwa jina la Mama Shani ndo upate ya pili". Anayesevu huyo ndo msomaji, asiyesevu alikuwa anapita. Sasa hivi ninao 180 hivi na kila hadithi wanalipia 70, 75. Ni wachache ila nawajua kwa majina, na yale maboksi wameyamaliza wao.

Changamoto ni wizi. Kuna siku nilikuta hadithi yangu kwenye grupu la watu nisiowajua, jina langu limefutwa na mtu anaiuza 500, nikakosa hata cha kusema.

Kalamu Kavu:
Mnampoteza mwalimu. Kazi ya mwandishi ni kuandika basi. Gurnah alipopewa Nobel 2021 nusu ya watu humu ndo siku hiyo wanamsikia, mnabisha? Mzanzibari mwenzetu, na tangu 1994 alishaingia orodha fupi ya tuzo ya Booker ya Uingereza. Alikuwa anapiga TikTok? Mwalimu peleka mswada wako Tuzo ya Nyerere, 2023 mshindi wa riwaya alichukua milioni 10, na pale hawakuulizi una folowaz wangapi.

MamaShani_writes:
Kaka yangu Kalamu, tuzo sawa, apeleke, hapo nakuunga mkono. Ila Gurnah usimlete kama mtu aliyekaa tu akaandika. Alikuwa profesa chuo kikuu cha Kent na ana wachapishaji London wa kumtafutia wasomaji. Mwalimu wa Singida wa kumtafutia wasomaji nani, wewe?

Kalamu Kavu:
😂😂 haya mama nimekaa. Lakini wiki sita bila kuandika ni hasara, hilo sirudi nyuma.

kuku_na_mayai:
Inategemea na kitabu pia. Mi nimeandika cha ufugaji wa kuku wa kienyeji, bila peji nisingeuza hata kimoja, mtu anataka kwanza akuone bandani umeshika kuku mgonjwa unamwelezea dawa ndo akuamini. Riwaya hakuna anayekuja kukukagua kama na wewe ulishawahi kuachwa na mke.

ticha_wa_usiku:
Asanteni sana wakuu, mmenifungua macho. TikTok nimeiweka pembeni, wife kafurahi kuliko mimi. Jana nimetuma sura ya kwanza kwa walimu 14 wa hapa shuleni, mmoja mmoja sio kwenye grupu. Tisa wamekaa kimya, wanne wamesema "nzuri", na madam wa hesabu ambaye hatusalimianagi vizuri tangu mambo ya ratiba mwaka jana kanifuata asubuhi mstarini, kaniuliza yule binti alishuka Manyoni au aliendelea na basi. Nikamwambia sevu namba yangu 😀

Da Mama Shani swali moja, hao wezi sasa unawazuiaje?

MamaShani_writes:
Kuwazuia kabisa huwezi. Mi kila PDF naweka jina la mnunuzi na namba zake nne za mwisho juu ya kila ukurasa, mtu anaona aibu kusambaza kitu chenye jina lake. Kwenye Word unaandika mara moja pale juu inajirudia kurasa zote, dakika mbili tu kwa mtu mmoja. Na huyo madam wa hesabu usimpe ya sita bure.

Mzee wa Vitabu:
Kwani alishuka Manyoni?