Aliyeshirikishwa kwenye albamu: malipo ya siku moja au fungu la kudumu?

Mwanzisha mada:
Wadau, nimeirudia albamu ya nne ya Led Zeppelin, bendi ya rock ya Uingereza, ile ya Novemba 1971 isiyo na jina, na swali moja limenikaa kooni. Kwenye "The Battle of Evermore", mwimbaji wa bendi Robert Plant anasimulia vita, halafu sauti ya mwanamke inampokea kama mpiga mbiu anayewaamsha wenye mji. Huyo ni Sandy Denny, aliyetoka bendi ya Fairport Convention. Mtoe yeye, wimbo unabaki mifupa. Bendi ilimheshimu, maana kila mwanabendi alikuwa na alama yake kwenye jalada la ndani, naye akapewa yake, pembetatu tatu. Lakini watunzi wametajwa mpiga gitaa Jimmy Page na Plant tu. Kwenye "Rock and Roll" piano ni ya Ian Stewart, mtu wa Rolling Stones. Watunzi ni wanabendi wanne, yeye hayumo.

Marekani peke yake albamu hiyo imepita nakala milioni 20. Msimamo wangu: aliyeshirikishwa apate fungu la mauzo, asilipwe siku ile na kuagwa. Mnasemaje?

Mchangiaji wa kwanza:
Napinga. Unachanganya kutunga na kuimba. Denny aliukuta wimbo umeshatungwa. Stewart alikuwa Headley Grange, nyumba waliyorekodia kule Hampshire, Uingereza, pamoja na studio ya kwenye lori ya Rolling Stones, akakaa kwenye piano wenzake wakipiga. Halafu hasara je? Albamu ikidoda, deni ni la bendi na kampuni, mgeni kashalipwa chake. Ukimgawia kila anayepita studio, bendi changa zitaacha kualika watu.

Mwanzisha mada:
La hasara nalipokea, lina uzito. La utunzi silipokei lote. Bendi hiyohiyo, mwaka 1975, ilitoa "Boogie with Stu" kwenye Physical Graffiti. Ulirekodiwa Headley Grange na Stewart huyuhuyu, na safari hii wakamwandika mtunzi mwenza, pamoja na mama yake mwanamuziki Ritchie Valens, kwa kuwa wimbo ulitokana na kazi ya mwanawe. Kumbe wakitaka inawezekana!

Mtazameni na mwimbaji Clare Torry. Mwaka 1973 bendi ya Pink Floyd walimwita London aimbe kwenye "The Great Gig in the Sky". Hakupewa maneno, hakupewa melodia. Alibuni mwenyewe palepale mbele ya maikrofoni, akalipwa pauni 30. Mwaka 2004 akaenda mahakamani, 2005 wakapatana nje ya mahakama, na tangu hapo anatajwa mtunzi pamoja na Richard Wright wa bendi hiyo. Zaidi ya miaka 30 kudai kitu ambacho kila mwenye masikio alikisikia siku ya kwanza.

Mchangiaji wa pili:
Mbona sheria imeshatengeneza njia? Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2011, Uingereza ikaanza kuitumia Novemba 2013: ulinzi wa rekodi ukapanda kutoka miaka 50 hadi 70, na katika ile miaka ya nyongeza kampuni inatenga asilimia 20 ya mapato kwa ajili ya wanamuziki waliolipwa kwa mkupuo mmoja.

Mwanzisha mada:
Nashukuru kwa kuileta, na hapo ndipo panaponiuma. Kwa rekodi ya 1971, hesabu hiyo ilianza 2022, ile miaka 50 ya kwanza ilipoisha. Denny alifariki Aprili 1978 akiwa na miaka 31. Stewart alifariki 1985, miaka 47. Warithi wanaweza kupokea, sawa, lakini aliyetoa jasho yuko kaburini. Kwa nini tungoje nusu karne?

Ninachopendekeza ni hiki: gharama za studio zirudi kwanza, ili bendi changa isiumie, kisha mgeni aanze kupata asilimia yake, hata iwe tano, kila nakala inapouzwa na kila wimbo unaposikilizwa mtandaoni. Ndugu mchangiaji wa kwanza, kwa mpango huo hasara bado inamwangukia nani?