Naenda Innsbruck Septemba, theluji sijawahi kuikanyaga: skii za kupandia mlima naanzaje salama?

Mwisho_wa_Reli

Wakuu, mwakeye. Nipo Kigoma mjini, Mwanga. Septemba naenda Innsbruck, Austria, masomo ya miaka miwili. Kwenye kundi la wanafunzi wa kule, ikifika Desemba mazungumzo ni hayo hayo: kupanda mlima kwa miguu yako ukiwa na skii (vibao virefu vya kutelezea kwenye theluji) zilizobandikwa ngozi chini (ukanda wa manyoya unaozuia kurudi nyuma), kisha kileleni unabandua ngozi na kuteremka kwenye theluji ambayo mashine haijaigusa. Hakuna lifti, hakuna njia iliyochongwa. Nimeupenda huo mchezo, ila nimesoma pia habari za maporomoko ya theluji na sitaki kurudishwa nyumbani kwenye sanduku.

Naomba kujua: asiyewahi kuvaa skii aanzie wapi? Vifaa gani ni vya lazima na vipi ni mbwembwe za wauzaji? Mteremko wa hatari unatambulikaje? Na je, kuna cha kujifunza hapa hapa Kigoma kwa miezi iliyobaki? Pumzi ninayo, vilima vya juu ya ziwa navipanda kila wiki.

---

Fundi_Mteremko

Karibu mkuu. Kwanza ondoa hofu ya hewa: Innsbruck iko mita 574 juu ya usawa wa bahari, wakati ufukwe wa Kigoma uko kama mita 770. Kwa hiyo unahamia bondeni.

Wanaoanza hudhani kazi iko kwenye kupanda. Kupanda ni mapafu na subira, na hivyo unavyo. Kinachoumiza watu ni kuteremka. Theluji ya porini hubadilika ndani ya mita 50: hapa unga laini, pale ukoko unaovunjika chini ya uzito wako, mbele kidogo barafu ngumu kama sakafu. Asiyejua kusimama pale anapotaka hawezi kukwepa mteremko mbaya hata akiuona. Kwa hiyo msimu wa kwanza lipia lifti na mwalimu, ujifunze kwenye njia zilizotengenezwa. Njia hizo zina rangi: buluu rahisi, nyekundu ya kati, nyeusi kali. Kipimo changu ni hiki: ushuke njia nyekundu yoyote, miguu ikiwa imechoka na mwanga ukiwa hafifu, bila kuanguka, na usimame pale ulipokusudia. Ukifika hapo tuzungumze porini.

Wakati huo huo, kupanda kwa ngozi unaweza kujifunzia pembeni mwa njia hizo hizo. Vituo vingi vya skii vya Tirol, jimbo la Innsbruck, vinaruhusu, vingine vinatenga njia na saa maalumu. Pita ukingoni, mmoja nyuma ya mwingine. Njia ikifungwa jioni, ondoka. Bango la kufunga njia si urasimu. Mashine za kulainisha theluji hufungwa kwenye winchi kwa waya wa chuma unaoweza kufika urefu wa kilomita moja. Waya hulala kwenye theluji usiuone, kisha hukaza ghafla na kuchapa kila kilichopo. Watu wamekufa hivyo, na poromoko halikuwepo.

Mwendo: usinyanyue skii, iburute kama kandambili iliyolegea. Mita 300 hadi 400 za kwenda juu kwa saa zinamtosha anayeanza. Ukishindwa kuongea huku unapanda, umekwenda kasi mno.

---

Dada_Barafu

Mimi nijibu la mteremko, maana ndilo unaloweza kulianza leo hii Kigoma.

Nenda ufukweni Kibirizi, chota mchanga mkavu kabisa, umimine taratibu sehemu moja mpaka uwe kichuguu. Weka kipande cha ubao kwenye ubavu wake bila kuukandamiza, juu yake simu yenye programu ya kupima mwinamo. Utapata nyuzi 30 na kitu, karibu 34. Huo ndio mwinamo wa kuuzoesha macho, kwa sababu maporomoko mengi yanayoua wacheza skii huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Chini ya 30 theluji kavu haianzi kuteleza kirahisi. Halafu pita mjini ukikisia: paa la bati lile, kingo ya barabara, ngazi za nyumba. Kisia kwanza, pima baadaye. Karibu kila anayeanza hukosea kwa nyuzi tano au zaidi, na nyuzi tano kule ni tofauti ya kupita na kurudi.

Jaribio la pili linahitaji sinia la bati. Tandaza ulezi mkavu, punje zienee. Juu yake laza kipande cha boksi gumu, juu ya boksi mwaga mchanga mbichi na uushindilie. Inua upande mmoja wa sinia pole pole. Litakaa kimya, utadhani limegundishwa. Kabla tu halijaondoka, ligonge kwa kidole: linaondoka lote kwa mkupuo, kipande kizima. Rudia bila ulezi uone tofauti.

Ulezi ule ndio tabaka dhaifu. Mlimani hutokea usiku wa baridi kali usio na mawingu: theluji ya juu hugeuka chenga kubwa zisizoshikana, kama sukari ya mawe, au mvuke wa hewani huganda juu yake. Kisha inadondoka theluji mpya, au upepo unaileta na kuishindilia kama boksi lile. Tabaka limefukiwa na kwa macho huoni kitu. Kidole ni wewe. Katika maporomoko yanayoua wacheza skii, takribani 9 kati ya 10 huamshwa na muathirika mwenyewe au mwenzake.

Kwenye karatasi: ramani nyingi za Alpenverein, chama cha wapanda milima, ni za kipimo cha 1:25,000 na zina mstari mzito kila mita 100 za kimo. Chukua rula. Mistari mizito miwili ikiachana milimita 7, mteremko ni nyuzi 30. Milimita 5.7 ni nyuzi 35. Milimita 4.8 ni nyuzi 40. Chora alama hizo kwenye ukingo wa kadi ngumu, utembee nayo.

Kisha kuna taarifa ya maporomoko, inayotolewa kwa pamoja na Tirol na majirani zake wa Italia, Alto Adige na Trentino, tangu 2018. Kila siku ya msimu hutoka jioni kwa ajili ya kesho yake. Ina ngazi za hatari 1 hadi 5. Usidanganywe na 3 kwa kuwa ni ya katikati. Ngazi ya 3 huua watu wengi, kwa kuwa ngazi ya 4 huwatisha wakabaki nyumbani. Kanuni ya kuanzia, ya Mswisi Werner Munter: ngazi ya 2 kaa chini ya nyuzi 40, ya 3 chini ya 35, ya 4 chini ya 30. Kwa msimu wako wa kwanza porini mimi ningekata zaidi: 30 ndio mwisho, ngazi yoyote ile.

---

Mzee_wa_Kamba

Dada Barafu amesema vizuri, niongeze kitu kimoja kinachowaponza watu. Namba hizo ni za sehemu kali kuliko zote ya mteremko, si wastani. Mteremko wa wastani wa 32 wenye kibega cha 38 ni mteremko wa 38. Na eneo la kuhesabu hukua kadiri ngazi inavyopanda: ngazi ya 2 unaangalia karibu na njia yako, ya 3 mteremko mzima, ya 4 hata ulioko juu yako wakati wewe umesimama tambarare. Theluji inaweza kuvunjika mbali na miguu yako na kukufuata.

Ukisikia sauti nzito ya "wuum" chini yako, kama gunia la mchele limedondoshwa chumba cha pili, hilo ni tabaka dhaifu limeporomoka. Ukiona nyufa zinakimbia mbele ya skii, au poromoko la leo au la jana kwenye mteremko unaofanana na wako, ni habari ile ile. Rudi kwa alama zako, au hamia kwenye miteremko mipole. Hapo hakuna mjadala wa kura.

---

Mwisho_wa_Reli

Asanteni sana, sinia naliandaa. Swali dogo: nikikuta nyayo za watu wengine wameshapita, si ina maana pako salama?

---

Mzee_wa_Kamba

Hapana. Nyayo zinasema tu kwamba aliyepita hakugusa sehemu dhaifu. Wa kumi anaweza kuigusa, na imetokea mara nyingi.

---

Fundi_Mteremko

Twende kwenye vifaa. Vitatu havina mjadala, na kila mmoja kwenye msafara awe navyo vyake: redio ya kutafutana, ufito wa kuchomea na beleshi. Ukiwa navyo peke yako umewasaidia wenzako tu, wewe ukifukiwa hakuna wa kukutoa.

Redio hutuma mawimbi ya 457 kHz, zote duniani, kwa hiyo chapa tofauti zinasikilizana. Chukua ya antena tatu. Vile vya zamani vya antena moja wanavyouza bei ya kutupa viache. Betri ni alkalini, za kuchaji usiweke kama mtengenezaji hakuruhusu. Ivae mwilini kwa mikanda yake, chini ya koti, kamwe si kwenye begi, kwa sababu begi hung'oka. Simu ikae sentimita 20 mbali nayo wakati inatuma na sentimita 50 wakati unatafuta, la sivyo inasoma uongo. Ufito uwe wa sentimita 240 au zaidi. Beleshi liwe la alumini, la plastiki hupasuka.

Kwa nini haraka: aliyetolewa ndani ya dakika 10 ana nafasi kama 9 kati ya 10 ya kuwa hai. Ikifika nusu saa imeshuka hadi kama theluthi. Helikopta haitawahi, wenzako ndio waokoaji. Namba ya mlimani Austria ni 140, ya Ulaya nzima ni 112, lakini kama mko wawili tu, usipoteze dakika kwenye simu kabla ya kutafuta.

Utaratibu: fuata mshale na namba inayopungua. Kuanzia mita 10 punguza mwendo. Chini ya mita 3 inama, redio iguse theluji, itembeze kwa msalaba mpaka upate namba ndogo kabisa. Hapo chomeka ufito, wima kwa uso wa mteremko na si wima kwa anga, ukizunguka kwa hatua za sentimita 25. Ukimgusa mtu uache ufito hapo hapo. Kuchimba usianzie kwenye ufito. Shuka chini yake umbali sawa na kina chake, uchimbe kuelekea kwake, wa nyuma akipeleka theluji nje. Ukichimba kwa juu unatengeneza kisima, theluji inakurudia, na unamkanyagia mtu nafasi yake ya kupumulia.

Hili nalo lifanyie Kibirizi. Mwambie mtu afukie kiroba cha mchanga kwa kina cha mita moja wewe huoni, umpe eneo la mita mbili kwa mbili, ukitafute kwa fito ya mianzi na ukitoe kwa beleshi, saa ikihesabu. Theluji ya poromoko huganda ngumu kuliko mchanga huo.

Vingine kwa ufupi. Skii na vifungio vya pini (vinavyoshika kiatu kwenye skii) kodisha msimu wa kwanza. Cha kununua mapema ni viatu, kwa kuwa mguu wako ni wako. Begi lenye puto (unalolijaza hewa poromoko likikubeba, ubaki juu ya theluji) ni zuri lakini halikuondolei kujifunza. Miwani ya jua ya daraja la 3 au 4, theluji inarudisha mwanga hadi asilimia 80. Nguo za pamba ziache Kigoma, zikilowa jasho hazikauki. Jiunge Alpenverein: wanaendesha kozi za maporomoko, na uanachama unabeba bima ya uokoaji.

---

Dada_Barafu

Na ngozi. Zikatwe ziache ukingo wa chuma wa skii wazi kama milimita 2 kila upande, ukiufunika skii haishiki kwenye theluji ngumu. Gundi yake haipendi theluji. Ukizibandua kileleni, zikunje gundi kwa gundi uziweke ndani ya koti, si begini, kama una kupanda tena. Zikigoma kubana, kwangua barafu kwa ukingo wa skii nyingine, kausha kwa kitambaa, kisha funga kwa mikanda ya mpira miwili au mitatu. Bila mikanda hiyo, ngozi iliyogoma mita 800 juu ya gari inamaanisha kuzama hadi kiunoni.

---

Mwisho_wa_Reli

Mrejesho: mchanga mkavu umesimama nyuzi 33. Nilipoulowesha kidogo umesimama karibu wima kama ukuta. Sasa theluji mbichi si ndiyo salama zaidi?

---

Dada_Barafu

Umejaribu nusu. Maji kidogo hushikanisha punje, ndiyo maana theluji ya unyevunyevu hufinyangika. Yakizidi hujaza nafasi zote kati ya punje, mshikamano unakwisha na uzito unaongezeka. Ndivyo inavyokuwa Machi na Aprili: asubuhi uso umeganda na unabeba mtu, mchana jua linaulainisha mpaka chini. Ndiyo sababu ziara za kipindi hicho huanza gizani, na kabla ya saa tano asubuhi uwe umeshateremka miteremko inayotazama mashariki na kusini. Usiku ukiwa wa mawingu uso haugandi vizuri, basi hata hiyo asubuhi haipo.

Ukuta wako usiubomoe. Chukua kopo, uendelee kuumwagia kwa juu taratibu, na uangalie unaanza kuondoka wapi.