Naomba ushauri: tuhamishie ghala letu la data kwenye wingu?

Habari zenu wakuu. Ghala letu la data, yaani hifadhi kuu inayokusanya taarifa za idara zote kwa ajili ya ripoti, liko kwenye seva zetu wenyewe. Taarifa za mauzo, stoo na uhasibu huingizwa usiku, asubuhi mabosi wanasoma ripoti. Sasa wanataka takwimu za papo kwa papo, na timu ya akili mnemba inadai data ghafi.

Nimevutiwa na BigQuery na Snowflake, huduma za ghala la data kwenye wingu (seva za kukodi kupitia intaneti), kwa kuwa hifadhi na uchakataji vimetenganishwa, unalipia unachotumia. Hofu yangu iko hapo hapo: ombi moja la kutafuta data (query) lililoandikwa ovyo linaweza kupekua jedwali zima na kupandisha bili. Mliohama, mliwekaje ukomo?

Na ule mpangilio wa majedwali wa mtaalamu wa maghala ya data Ralph Kimball (jedwali la matukio kama mauzo katikati, likizungukwa na majedwali ya maelezo kama bidhaa na tarehe), mliubakiza? Binafsi naona bado unahitajika, maana ndio unaofanya idara zote zisome hesabu moja.