Kupanga kwaya ya Sala ya Jioni kama za vyuo vya Oxford na Cambridge: idadi, sauti, zaburi

Mwalimu_Kisauni
Bwana asifiwe, wapendwa. Kanisa letu hapa Kisauni limekubali tuwe na Sala ya Jioni ya kuimbwa kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, tukifuata utaratibu wa kwaya za makanisa ya vyuo vya Uingereza. Tuko 22: sauti ya kwanza 11, ya pili 6, ya tatu 2, ya nne 3. Wote wanasoma solfa (do, re, mi), ila noti za mistari mitano wanazisoma wanne tu. Naomba kuelezwa: kwaya hizo zina watu wangapi na nani anaruhusiwa kuingia? Kwa nini wanakaa wakitazamana? Zaburi wanaziimbaje bila kukanyagana? Pia kuna kijana wetu wa sauti ya nne, kamaliza kidato cha nne, anatamani kuimba huko akiwa mwanafunzi. Aanzie wapi?

Besi_Tudor
Mwalimu, hazina watu wengi kama zinavyosikika. King's College ya Cambridge, ile inayosikika redioni mkesha wa Krismasi, ina wavulana 16, wanafunzi wa chuo 14 na wapiga kinanda 2, nao pia ni wanafunzi. New College na Magdalen za Oxford zina wavulana 16 kila moja. Namba hiyo haikuja kwa bahati. New College ilianzishwa mwaka 1379, King's 1441 na Magdalen 1458, na idadi ya watoto wa kuimba iliandikwa katika sheria za waasisi wenyewe.

Wavulana wana miaka 8 hadi 13 na wanasoma katika shule inayohusiana na chuo. Mtoto huanza kwa majaribio: anakaa na wenzake, anajifunza kufuata kitabu, halafu ndipo anahesabiwa mwanakwaya kamili. Wao ndio sauti ya kwanza. Sauti ya pili huimbwa na wanaume kwa sauti ya kichwa, yaani ile nyembamba ya juu, ya tatu na ya nne kwa sauti zao za kawaida. Wanafunzi wengi hukaa miaka 3 tu, kwa hiyo kila Oktoba, mwaka wa chuo unapoanza, karibu thuluthi ya wakubwa ni wapya. Ndiyo sababu kusoma noti papo kwa papo ni sharti kwao.

Usiogope kwamba kina mama ni wengi kwako. Huko Cambridge, chuo cha Clare kilianza kwaya ya wanawake na wanaume mwaka 1972, Trinity ikafuata 1982, na St John's ikaanza kupokea wasichana na wanawake 2022. Kwaya za namna hiyo ndizo zinazofanana na yako, kwa hiyo sikiliza rekodi za Clare na Trinity kabla ya zile za wavulana. Ukimfundisha dada wa miaka 30 aige sauti ya mtoto wa miaka 11, atakaza koo na baada ya mwezi mmoja hana sauti.

Solfa_Likoni
Besi_Tudor amesema vyema, ila ile ibada ya Krismasi isiwapoteze. Masomo tisa na nyimbo yalianza King's mwaka 1918, Eric Milner-White, mkuu wa kanisa la chuo, akifuata mfano wa kanisa la Truro, Uingereza, wa 1880, na redio ikaingia 1928. Hiyo ni siku moja. Kilichoijenga sauti ile ni Sala ya Jioni ya siku nyingi za wiki katika muhula: mazoezi asubuhi kabla ya masomo, mazoezi tena kabla ya ibada, kisha ibada ya dakika 45 hivi. Kwaya zetu za tamasha la muziki hukaa na wimbo mmoja miezi mitatu hadi kila mtu ameukariri. Wao kesho wana wimbo mwingine, na kitabu kiko mkononi. Sisemi kukariri ni kubaya, ila ukitaka ibada hii idumu mwaka mzima, tenga dakika 10 za kila zoezi kwa kusoma kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Anza na solfa, halafu andika mstari huohuo kwa noti chini yake.

Utaratibu wenyewe ni huu: sala fupi za kujibizana, zaburi, somo la Agano la Kale, Wimbo wa Mariamu, somo la Agano Jipya, Wimbo wa Simeoni, imani, majibizano, kisha wimbo mkuu wa kwaya na maombi. Anza saa 11 kamili jioni. Mtakuwa mmemaliza kabla ya adhana ya magharibi, na wenzetu wa Likoni watapata feri mapema.

Kinanda_Nyali
Naomba nikae kwenye zaburi, maana hapo ndipo kwaya nyingi za Kiswahili huharibikiwa, na kosa ni moja tu.

Kwanza kutazamana. Viti vimepangwa kwa urefu wa kanisa, mtindo wa watawa wa zamani. Upande wa kusini, kulia ukitazama madhabahu, huitwa Dekani. Wa kaskazini huitwa Kantorisi. Kila upande una sauti zote nne, na aya za zaburi hupokezanwa: hawa moja, wale moja, halafu wote pamoja kwenye Utukufu kwa Baba. Kitabu cha Sala cha 1662 kimegawa zaburi zote 150 kwa siku 30, asubuhi na jioni. Jioni ya tarehe 15 ni Zaburi ya 78 peke yake, aya 73. Bila kupokezana, hakuna pumzi itakayofika mwisho.

Sasa toni, yaani tuni fupi inayorudiwa kwa kila aya. Toni moja ina noti 10 kwa kila sauti: 4 nusu ya kwanza ya aya, 6 nusu ya pili. Noti ya kwanza ya kila nusu ni ya kusomea, inabeba silabi zozote zilizobaki mbele. Zile nyingine zinakwenda kwa mwendo wa maneno.

Aya nyingi za Kiingereza huishia kwenye silabi nzito, kwa hiyo noti ya mwisho inapata silabi moja. Kiswahili kinaweka uzito kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukigawa kama Waingereza, utaimba "mchungaji wa-NGU" na kila mzee kanisani atakunja uso. Dawa yake: silabi mbili za mwisho zote ziingie kwenye noti ya mwisho. Hivi:

Bwana ndiye mchu- | nga - ji | wangu
sita- | pu - ngu- | ki - wa na | kitu

Hesabu: nusu ya kwanza noti 4, nusu ya pili 6. "Nga" na "ki" zimeangukia mwanzo wa kipimo (baada tu ya mstari |), mahali pazito, na "wangu" na "kitu" zinatua zenyewe. Pale "wa na" ni silabi mbili kwenye noti moja. Ziimbwe nyepesi, msizigawe sawasawa kama saa ya ukutani.

Kabla ya kuimba, someni aya kwa sauti ya kuongea, wote pamoja, mara mbili. Mwendo ule wa kuongea ndio mwendo wa kuimba. Kosa la pili ni kukimbia kwenye noti ya kusomea kisha kukanyaga breki noti zikianza kubadilika. Anzeni na Zaburi ya 23 yenye aya 6, kisha ya 121 na ya 130 zenye aya 8 kila moja. Ya 78 iacheni ipumzike.

Jambo la mwisho: feni. Mngurumo wake unafunika "s" na "t", na kwaya inaufuata bila kujua. Zima wakati wa zaburi. Kwenye majibizano yasiyo na kinanda, sauti hushuka kwa sababu noti inarudiwa-rudiwa. Anzeni nusu hatua (kibonyezo kimoja cha kinanda) juu zaidi ya ilivyoandikwa, na mpiga kinanda asiingie ghafla baadaye kabla ya kusikiliza kwaya iko wapi.

Mwalimu_Kisauni
Asante sana, Kinanda_Nyali, hiyo "mchungaji wa-NGU" ndiyo inayotusumbua hasa. Lakini sauti ya tatu ninao wawili tu. Nikiwagawa, kila upande unabaki na mmoja. Nifanyeje?

Besi_Tudor
Zaburi wagawe hivyohivyo, ila kila upande uimbe sauti ya kwanza pekee, wanaume wakiiimba chini kwa oktava, na kinanda kibebe sauti nyingine. Kwenye Wimbo wa Mariamu na wimbo mkuu warudishe wote pamoja katikati. Na sauti ya kwanza 11 ni wengi mno kwa wanaume watano. Jaribu kuwahamishia wawili wenye sauti nzito kwenye ya pili, na wengine wapokezane zamu. Usimwambie mtu wa sauti ya nne apande ya tatu. Atapanda leo, wiki ijayo hatakuwa na noti za chini wala za juu.

Solfa_Likoni
Kuhusu kijana: nafasi ya kwaya na nafasi ya masomo ni vitu viwili. Lazima chuo kimkubali kwa masomo, na KCSE (mtihani wa Kenya wa kidato cha nne) peke yake kwa kawaida haitoshi huko. Wengi hupitia A-level (mitihani ya Uingereza ya mwisho wa sekondari) au IB (diploma ya kimataifa). Maombi ya Oxford na Cambridge hufungwa katikati ya Oktoba, karibu mwaka mzima kabla ya kuanza. Posho ya mwanakwaya ni ndogo na hailipi karo, ila mara nyingi anapata masomo ya sauti bure.

Kwenye majaribio ataimba wimbo aliouandaa, atasoma noti asizozijua, na atapimwa masikio: kurudia sauti, kuimba noti ya katikati katika tatu zinazopigwa pamoja. Solfa itamsaidia masikio, lakini karatasi atakayopewa itakuwa ya mistari mitano, na sauti ya nne iko kwenye ufunguo wa F (alama ya noti za chini). Aanze huo leo. Si lazima awe Mwanglikana, ila ajue kwamba ibada kadhaa kila wiki ya muhula ni wajibu, hata wiki ya mtihani.

Kinanda_Nyali
Na aje na kitabu chake cha zaburi kilichogawanywa kwa Kiswahili. Mkono uliozoea kugawa silabi hausumbuliwi na Kiingereza.