Mrejesho: malezi ya yatima na shamba la parachichi, Njombe

Wakuu, salaam. Niliuliza kama kikundi chetu cha kanisa kinaweza kujenga kituo cha yatima kitakachojiendesha bila wafadhili. Asanteni mliotuelekeza kwa afisa ustawi wa jamii. Alitupitisha kwenye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na hapo malezi ya kambo yakatushinda hoja: mtoto anakaa kwenye familia iliyokaguliwa, siyo bwenini. Jengo tumeachana nalo. Matofali yameishia kwenye banda la kuku.

Familia walezi ni majirani, kila mtoto anakula sufuria moja na watoto wa nyumba. Shamba ndilo la pamoja. Miche ya parachichi aina ya Hass iliyobebeshwa (kikonyo kimeunganishwa kwenye shina la mche mwingine) huchukua kama miaka mitatu kuanza kuzaa, kwa hiyo katikati ya mistari tumeweka maharage. Kwa sasa mayai ndiyo yanayonunua sare na madaftari. Mama mmoja (mkali huyo!) amefunga daftari kwa kamba mlangoni mwa banda, hakuna trei linalotoka bila kuandikwa.

Kinachotuumiza ni chakula cha kuku. Mwenye kujua mashudu ya alizeti ya bei nafuu karibu na Makambako anitonye.