Mrejesho: Kampala hadi Njeru na Jinja kwa siku moja

Niliuliza kama sisi wa Kisumu tukiwa Kampala tunaweza kuzuru Njeru na Jinja, miji ya Uganda iliyo kwenye chanzo cha mto Nile, kwa siku moja na mwongozaji. Inawezekana, asanteni sana. Ni kilomita 80 hivi, ila ondokeni saa 12 asubuhi. Foleni ya Mukono na malori ya miwa Lugazi hula muda. Anzeni Njeru, ukingo wa magharibi, penye mnara wa Speke, mvumbuzi Mwingereza wa karne ya 19, ndipo mvuke mto kwenda Jinja kwa daraja lililofunguliwa 2018. Juu yake msipige picha. Ulizeni mapema kama bei ina boti na kiingilio. Botini, tazameni viputo na mizunguko midogo ya maji Ziwa Victoria linapogeuka mto Nile. Na mizigo bebeni kabisa: Jinja iko njiani kuelekea Busia, mpakani mwa Kenya, kurudi Kampala ni hasara.