Naomba ushauri: vitoto vitatu vya nyoka wangu vimegoma kula

Habari zenu wadau. Niko Ohio, Marekani, nafuga nyoka wa mahindi, wale wa huku wasio na sumu. Mayai yameangua vitoto 11, na vitatu vina mchoro ambao sijawahi kuupata: badala ya mabaka mekundu mgongoni, mstari mmoja ulionyooka toka shingoni hadi mkiani, ubavuni madoa madogo kama vipande vya vigae. Nimevipenda mno.

Ndivyo hivyo vilivyogoma. Vyote vilijivua gamba siku ya 9, wenzao wakala. Hivi vitatu leo wiki ya 4 havijagusa kitu. Navipa kichanga cha panya kilichoyeyushwa barafu na kupashwa kwenye maji ya moto. Upande wa joto ni nyuzi 29, maji yapo, pa kujificha papo. Nimepasua kichwa cha kichanga ili harufu itoke, nimevifungia navyo usiku kwenye kikopo chenye matundu. Wapi!

Porini vidogo hivi huanza na mijusi na vyura. Aliyewahi kupaka kichanga harufu ya mjusi, alifanyaje? Na kulisha kwa nguvu nisubiri hadi lini? Kimoja uti wa mgongo umeanza kujitokeza, silali vizuri.